Usonji: “Basi, mwanangu, niandikie huyo mwalimu”

Bibi mmoja alinijia kliniki mwaka jana akiwa na mjukuu wake wa kiume wa miaka minane. Walitoka Nyabusozi, kule Biharamulo mkoani Kagera, jirani na Ngara. Walipanda bodaboda hadi barabara kubwa, kisha basi hadi Mwanza. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwa mtoto, maana mtoto hakukaa. Alizunguka meza yangu, akanusa kifuniko cha kalamu, akavipanga vikopo vya vipimo mstari ulionyooka, akavipangua, akavipanga tena. Alipoitwa jina hakugeuka. Alipotaka maji hakuomba wala hakunyoosha kidole. Aliushika mkono wa bibi yake akaupeleka kwenye chupa, kama mtu anayetumia kijiko.

Bibi alikuwa na bahasha aliyoifunga ndani ya kitambaa. Ilikuwa barua ya shule, mistari minne tu. Ilisema mtoto hafundishiki, anapiga kelele na kuwasumbua wenzake, mlezi ampeleke hospitali na amrudishe atakapopona.

Tulimpima masikio, yanasikia vizuri. Niliuliza habari za kuzaliwa kwake, degedege, usingizi na malaria alizougua. Siku ya pili, baada ya mazungumzo marefu, nilimweleza bibi kwamba mjukuu wake ana usonji. Neno hilo alikuwa hajawahi kulisikia. Alitaka kujua jambo moja tu, dawa yake ni ipi. Nikamwambia hakuna kidonge wala sindano ya kuondoa usonji, na kwamba mtoto wa umri huu anasaidiwa zaidi na mwalimu aliyejifunza namna ya kumfundisha. Alinyamaza, akafunga upya kilemba chake, kisha akasema: “Basi, mwanangu, niandikie huyo mwalimu.”

Nilicheka, halafu nikaona aibu. Nikiandika dawa ya kifafa, mgonjwa anaweza kuzunguka maduka matatu na akaipata. Mwalimu wa namna hii nimwandike kwa jina gani, na bibi akamtafute duka lipi? Tangu siku hiyo nimeuliza walimu, nimetembelea madarasa, nimesoma mitaala. Haya ninayokuandikia leo, mzazi, ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tuuelewe usonji wenyewe. Ni hali ambayo ubongo hukua kwa namna tofauti tangu utotoni, na urithi una mchango mkubwa. Mtoto hupata shida katika kuwasiliana na kuchangamana na watu, hupenda mambo yasiyobadilika, na mara nyingi sauti, mwanga au mguso humfikia kwa ukali au ulegevu usio wa kawaida. Wapo wasiosema neno hadi ukubwani. Wapo wanaosema sana, lakini habari ya kitu kimoja tu, mabasi kwa mfano, na wanajua namba za yote yanayopita kijijini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Ukiichukua hesabu hiyo kama ilivyo, shule ya wanafunzi 1,000 ina watoto wapatao wanane. Ukimuuliza mwalimu mkuu atakwambia hana hata mmoja, ila anao “watukutu” wachache na “mabubu” wawili, na wengine waliandikishwa wakaacha.

Si laana wala si mizimu, na mama hakukosea kitu akiwa mjamzito. Nalisema hili la mama kwa kuwa sisi wa hospitali tuna deni. Baada ya daktari Leo Kanner kuandika habari za watoto 11 huko Marekani mwaka 1943, kwa miaka mingi wataalamu waliwalaumu akina mama kuwa ni wa baridi na hawakuwapenda watoto wao. Ilikuwa dhana potofu na iliumiza wengi. Chanjo nayo haileti usonji. Makala ya mwaka 1998 iliyoanzisha hofu hiyo huko Uingereza ilifutwa na jarida lenyewe mwaka 2010.

Kwa wazazi wa Kagera kuna jambo jingine la kuangalia. Watafiti walioandika mwaka 2006 kuhusu watoto 20 wenye usonji hapa Tanzania walieleza kwamba kwa baadhi yao dalili zilifuatia malaria kali. Haina maana kwamba malaria ndiyo chanzo cha usonji wote, la hasha. Ila mtoto aliyekuwa anasema maneno, akaugua malaria ya kichwa akazinduka bila maneno, asisubirishwe nyumbani kwa kuambiwa atachelewa tu kuongea. Mleteni mapema apimwe.

Kazi ya daktari ipo. Tunapima masikio, maana kiziwi naye hageuki akiitwa. Tunatibu kifafa, ambacho huwapata watoto wenye usonji zaidi kuliko wengine. Tunaangalia usingizi, choo kigumu, upungufu wa damu. Niliwahi kuletewa binti asiyesema, aliyesemekana amekuwa mkali ghafla na anajigonga kichwa ukutani. Tulimfungua mdomo tukakuta jino limeoza hadi kwenye mzizi. Lakini hayo yote yakishafanyika, mtoto anarudi nyumbani na shuleni, na huko ndiko anakokaa saa nyingi za maisha yake. Mimi nitamwona dakika ishirini kila baada ya miezi mitatu. Mwalimu atamwona siku tano kwa wiki.

<b>Kengele ya rimu</b>

Sasa, huyo mwalimu anajua nini ambacho mwenzake hajui? Nilidhani najua jibu hadi mwalimu mmoja wa wilaya jirani, aliyesomea elimu maalumu hadi shahada ya uzamili, aliponifungulia daftari lake.

Alikuwa na mwanafunzi anayejiuma mkono hadi damu. Kila mtu pale shuleni alikuwa na maelezo yake. Mmoja alisema ni njaa, kwa sababu mara nyingi ilitokea kabla ya uji. Mwingine alisema ni ukaidi na dawa yake ni fimbo. Mpishi alisema mtoto ana kitu. Mwalimu huyu hakubishana na yeyote. Alichora safu tatu kwenye daftari: kilichotangulia, alichofanya mtoto, kilichofuata. Kwa siku kumi za shule aliandika kila tukio, saa yake, nani alikuwa karibu, hata upepo ulikuwa unavuma upande gani. Hili la upepo nilimtania, akaniambia nisubiri.

Shule ile, kama nyingi za kwetu, haina kengele ya umeme. Kuna rimu ya gari iliyoning’inizwa kwenye mwembe, na mwanafunzi wa zamu huigonga kwa nondo. Daftari lilipojaa, picha ikajitokeza. Mtoto alijiuma dakika chache kabla ya kengele, hasa siku ambazo upepo ulivuma kutoka kwenye mwembe kuelekea dirisha alilokaa, na hasa wiki ya zamu ya kijana mmoja mwenye nguvu. Ilikuwa ni kengele inayomuuma masikio, na alikuwa ameshajifunza kuisubiri kwa hofu, kama mtu anayeona sindano ikiandaliwa. Njaa haikuhusika, wala ukaidi.

Mwalimu alimhamisha kiti. Akamchorea picha ya rimu kwenye karatasi, akawa anamwonyesha dakika moja kabla, ili isimjie ghafla, na akamfundisha kuziba masikio kwa viganja. Kisha akafanya jambo ambalo mimi nisingelithubutu. Alianza kumpeleka mtoto mwenyewe kwenye mwembe akamshikisha nondo. Mwanzoni aligusa tu. Wiki zikapita. Sasa yeye ndiye mpiga kengele wa shule, na hupiga taratibu. Mkono una makovu ya zamani tu.

“Usiandike kwamba ni muujiza, daktari,” aliniambia. “Nilimfanyia hivyo hivyo mtoto mwingine ikashindikana, nikaanza daftari upya.”

Hilo ndilo somo la elimu ya juu katika fani hii. Mwalimu wa kawaida katika mafunzo yake hupata dondoo za elimu maalumu; anajua kuna watoto wa aina hii, na wengi wana huruma ya kutosha. Mwenye stashahada anajifunza mbinu: kugawa kazi katika hatua ndogo, kutumia vitu halisi, kufundisha kuvaa, kula na kwenda chooni. Anayefika shahada ya kwanza na uzamili anatakiwa kwenda mbele zaidi, ajue kuchunguza kwa nini mbinu imefaulu kwa huyu na kushindwa kwa yule, aandike, apime, abadili, na aweze kuwafundisha walimu wenzake na wazazi. Kozi nzuri humsimamia akiwa na watoto, mtu mwenye uzoefu amekaa nyuma ya darasa anaangalia. Kozi mbaya humpa vitini na mtihani. Vyeti vyake vinafanana ukiviangalia ukutani.

Njia zenyewe wanazosomea zina historia ndefu. Huko North Carolina, Marekani, mwanasaikolojia Eric Schopler alianzisha mwaka 1972 mpango uitwao TEACCH. Aliyapanga madarasa ili mtoto aone kwa macho anachotakiwa kufanya, aanzie wapi, aishie wapi, kinachofuata ni nini. Zaidi ya hapo aliwafanya wazazi kuwa washirika wa tiba, wakati wengine walikuwa bado wanawalaumu. Mwaka 1985, katika jimbo la Delaware, Andy Bondy na Lori Frost walianza njia ya kubadilishana picha: mtoto asiyesema anampa mtu picha ya kitu anachotaka, naye anapewa kitu hicho papo hapo. Wazazi wengi huniuliza kama picha zitamfanya mtoto awe mvivu wa kusema. Hapana. Mtoto anajifunza kwanza kwamba kuwasiliana kuna faida, na kwa baadhi maneno hufuata.

Hayo hayahitaji kompyuta. Kartoni ya sabuni, mkaa, gundi ya unga, vifuniko vya soda vinatosha kwa mwaka mzima. Kinachohitajika ni mtu anayejua ampe mtoto picha gani kwanza, lini aongeze ya pili, na afanye nini mtoto akizitupa zote chini.

<b>Anakosomea</b>

Hapa nchini mlango wa kwanza kwa walimu wengi ni Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha, chuo cha serikali cha elimu maalumu. Huko walimu husomea kufundisha wasioona, viziwi na wenye ulemavu wa akili, na mara nyingi mwalimu unayemkuta na watoto wenye usonji ametokea mkondo huo wa mwisho. Kwa ngazi ya shahada, chuo cha Sebastian Kolowa cha Lushoto, kilichoanzishwa na Kanisa la Kilutheri mwaka 2007, kilijijengea jina hasa kwa elimu maalumu. Kwa mtu wa Biharamulo, Tabora ni karibu zaidi, na chuo cha Askofu Mkuu Mihayo pale kina shahada ya ualimu wa elimu maalumu. Chuo Kikuu Huria kina kituo Bukoba, na mwalimu anaweza kusoma akiwa kazini, jambo ambalo kwa mama mwenye watoto wadogo ndilo hufungua au kufunga mlango.

Wanaotaka uzamili wengine huvuka mpaka. Kampala, kwa mtu wa Kagera, si mbali kupitia Mutukula, na Chuo Kikuu cha Kyambogo kilirithi mwaka 2003 iliyokuwa taasisi ya taifa ya elimu maalumu ya Uganda. Kenya ina Chuo Kikuu cha Kenyatta chenye idara inayofundisha fani hii, na taasisi yao ya elimu maalumu, KISE, ilianza mwaka 1986. Jijini Nairobi, eneo liitwalo Ngara (si Ngara yetu, msomaji), Shule ya Msingi ya City ilifungua kitengo cha usonji mwaka 2003 kwa kushirikiana na chama cha usonji cha Kenya, ndani ya shule ya kawaida ya serikali. Dar es Salaam tuna vitengo kama cha Msimbazi Mseto, na Moshi kipo Kituo cha Gabriella ambacho huwafundisha pia walimu na wazazi. Hospitali ya KCMC, Moshi hiyo hiyo, ina chuo cha tiba kwa vitendo, na wahitimu wake ni watu muhimu sana kwa mtoto asiyeweza kushika kalamu au asiyevumilia kuguswa.

Ukiiangalia ramani utaona ninachokiona. Arusha, Lushoto, Moshi, Dar es Salaam. Bukoba yenyewe ina shule za Mugeza zinazojulikana kwa wanafunzi wasioona na viziwi, lakini kwa usonji mzazi wa Nyabusozi hana pa kwenda na kurudi siku moja.

Na hapa nina lalamiko, nalo si la mtu mmoja. Nimewafahamu walimu wawili waliokwenda kusoma, wakarudi na uzamili, na kabla ya mwaka kwisha hawakuwa tena darasani. Mmoja alipewa ofisi, mwingine alihamia mjini kumfuata mwenzi wake na akapangiwa kufundisha Jiografia. Siwalaumu. Daraja la mshahara, nyumba, barabara, vyote viliwavuta upande huo. Ila kadiri tunavyomsomesha mwalimu wa watoto hawa, ndivyo tunavyomtoa mbele yao, na madaktari tunaujua ugonjwa huo kwa kuwa nasi tunao: daktari akibobea, haonekani tena wilayani. Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa mwaka 2021/22 hadi 2025/26 unataka watoto wenye mahitaji maalumu wasome pamoja na wenzao. Ni lengo jema. Ningependa kuona linaambatana na posho ya kubaki kijijini na kitengo cha kufanyia kazi, la sivyo mwalimu anarudi na shahada yake anakuta darasa la watoto 90 na rimu kwenye mwembe.

Semina za siku tano nazo nazifahamu. Zina chai nzuri. Mwalimu anarudi na fulana na daftari, na baada ya muhula mmoja amerudia ya zamani kwa sababu hakuna aliyekuja kumwangalia akifundisha. Kama halmashauri yako ina fedha ya semina moja tu, ni bora imlipie mwalimu mmoja mzoefu nauli ya kuzitembelea shule tatu kila mwezi.

<b>Ukifika shuleni</b>

Mzazi, kabla hujaenda, ujue kwamba shule haina haki ya kumfukuza mtoto wako kwa sababu ya usonji. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya elimu kama wenzake. Ukikataliwa, nenda kwa Ofisa Elimu Kata, na ukikwama hapo uliza halmashauri kwa ofisa anayeshughulikia elimu maalumu. Nenda na karatasi, si maneno matupu.

Ukimpata mwalimu anayeambiwa ni wa elimu maalumu, usiishie kushukuru. Muulize kwa adabu alisomea mkondo gani, maana mtaalamu wa nukta nundu ni mtaalamu kweli, lakini si wa mtoto wako. Muulize mazoezi yake ya vitendo aliyafanya na watoto wa namna gani. Muulize mpango binafsi wa mtoto uko wapi, yaani karatasi inayosema muhula huu atajifunza nini na tutajuaje kwamba amejifunza. Akikuonyesha karatasi yenye mambo mawili au matatu yanayopimika, kama vile “ataomba maji kwa picha mara tano kwa siku bila kusukumwa,” umefika mahali pazuri. Akikwambia atamfanya awe kama watoto wengine ifikapo Desemba, shika moyo wako na mkoba wako. Na uliza: ukiugua wewe mwalimu, nani anakaa naye?

Muulize pia anafanya nini mtoto akilipuka. Fimbo haimfundishi mtoto mwenye usonji chochote zaidi ya kuogopa mahali. Kumfunga kamba ni ukatili, iwe shuleni au nyumbani. Najua wapo walezi wanaofunga kwa sababu mtoto hukimbilia barabarani au mtoni na mama yuko shambani peke yake. Sikuhukumu, mama. Njoo tuzungumze. Kuna namna ya kuweka komeo mlangoni, kengele ndogo kwenye nguo, majirani wawili wanaojua jina lake, na ratiba ya picha inayomwonyesha kwamba kutoka nje kupo, ila baada ya chakula.

Nawe unaweza kufundishwa. Shirika la Afya Duniani limetengeneza mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9, vikao tisa vya kikundi na ziara tatu nyumbani, yanayoweza kuendeshwa na watu wasio wataalamu wakisimamiwa. Yamejaribiwa Kenya na Ethiopia. Mwalimu mwenye shahada ya fani hii ndiye hasa mtu wa kuyaendesha wilayani, na hii ni sababu nyingine ya kutomfungia ofisini.

<b>Cheti cha bibi</b>

Nirudi kwa bibi. Zamani ningempa karatasi yenye neno moja la Kiingereza na muhuri. Nimeandika karatasi za hivyo nyingi, na naamini zimefunga maharage sokoni. Safari hii nilikaa nikaandika barua kwa mwalimu, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja.

Niliandika kwamba mtoto anasikia, asipigiwe kelele. Kwamba hana kifafa kwa sasa, lakini akianguka alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni, waangalie saa, na ikizidi dakika tano apelekwe kituo cha afya. Kwamba akishika mkono wa mtu anaomba, si kwamba anasumbua. Kwamba aambiwe maneno machache, “kaa,” “njoo,” “maji,” na asubiriwe; ahesabu mwalimu moyoni hadi kumi kabla ya kurudia. Kwamba akae mbali na mlango, mahali pale pale kila siku. Kwamba aanze na saa mbili za shule, si siku nzima, na zisogezwe mbele kadiri anavyozoea. Kwamba bibi atakuja na picha ya kikombe iliyochorwa kwenye kartoni, na mtoto akiitoa apewe maji mara moja, hata kama ni katikati ya hesabu. Mwisho nikaandika kwamba mtoto huyu haji shuleni akiwa amepona, kwa kuwa hakuna cha kupona, anakuja kujifunza. Nikaweka namba yangu ya simu.

Bibi hakujua kusoma. Nilimsomea mara mbili. Alipofika pale pa kikombe alinisimamisha, akauliza kama ni lazima kiwe kikombe, maana nyumbani mtoto hunywea kibuyu kidogo. Nikafuta, nikaandika kibuyu.

Baada ya wiki tatu simu iliita jioni. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, binti mdogo kwa sauti, ambaye hajasomea elimu maalumu popote. Alinisalimu, akaomba radhi kwa usumbufu, akaniuliza maswali mawili. La kwanza: kile kibuyu akichore kikubwa kiasi gani? Nikamwambia kama kiganja cha mtoto, ili akishike kwa mkono mmoja. La pili lilikuwa gumu. Mtoto sasa anakaa saa mbili na nusu, ameanza kutoa picha mwenyewe, na yeye mwalimu anataka kuomba ruhusa ya masomo aende Patandi. Akienda, mtoto atabaki na nani?

Tumezungumza mara kadhaa tangu hapo, yeye, mimi, na mara moja mwalimu mkuu, yule yule aliyetia saini barua ya mistari minne. Walichokubaliana ni kwamba fomu zitajazwa, lakini muhula huu mwalimu wa darasa la pili atakaa nyuma ya darasa lao kila Jumatano na daftari lenye safu tatu. Bibi naye amepewa kiti.